Leseni ya Mama Mkwe

Kile kidole mlichokiacha kikining'inia hewani wiki jana, wasomaji wangu, kimetua.

Hakikutua kwa mhudumu wa kaunta. Hakikutua kwa mlinzi wa mlangoni pia, ingawa wengi wenu mlioniandikia mliapa kwamba ni yeye. Mama Mkwe alikizungusha taratibu ukumbi mzima kama mtu anayechagua kitambaa dukani, kisha akakisimamisha mbele ya pua ya mke wa mwanawe.

"Huyu," alisema. "Huyu hapa ndiye aliyemnywesha yule mzee. Baba yake mwenyewe wa kumzaa!"

Ukumbi wa Bodi ya Leseni za Vileo ulilipuka kwa kelele kama banda la kuku lililoingiliwa na kicheche.

Kijiko alidhani hakusikia vizuri.

Walimwita Kijiko pale mgahawani kwa sababu hakuna mchuzi uliovuka mlango wa jikoni kabla hajauonja. Ndiye mpishi mkuu. Ndiye mke wa Bosi Mdogo, mtoto pekee wa Mama Mkwe. Na ndiye binti wa Mwalimu, yule mstaafu aliyekuwa amelala wodini na nyonga iliyovunjika, baada ya kuporomoka ngazi za mgahawa huo huo mchana kweupe, akinuka pombe kama pipa.

Na wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, jua hili: Mwalimu alikuwa ameacha pombe. Aliiacha siku aliyomzika mkewe, binti yake alipomshika koti pale makaburini akamwambia, "Baba, chagua. Mimi au chupa." Akamchagua binti. Hakuwahi kurudi nyuma, mpaka mchana ule.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Mama Mkwe aliendelea, leso ikiwa machoni ingawa machozi yalikuwa bado njiani, "mimi ndiye mwenye leseni na sheria naijua. Mgahawa wangu hauuzi kileo pasipo chakula. Hauuzi kwa mtu aliyekwisha kulewa. Wafanyakazi nimewaimbia hayo mpaka sauti imenikauka. Sasa mtu akichukua chupa kwa siri ampe baba yake, mimi nifanyeje?"

"Mama!" Kijiko aliruka kitini. "Mimi nilikuwa jikoni!"

"Kaa chini," Mwenyekiti alisema.

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, ya wale wanaokukata huku wakikupangusa damu. Alimgeukia Mkaguzi wa Vileo, aliyekuwa amesimama ndani ya koti lililomzidi mabega.

"Eleza ulichokiona."

"Mheshimiwa, nilipofika meza zilijaa wanywaji. Nikauliza, chakula kiko wapi? Meza ya kwanza nikaonyeshwa sahani ya viazi vya kukaanga. Nikaenda meza ya pili, viazi. Meza ya tatu, viazi. Nilipogeuka ghafla nikamkuta mhudumu ananyata nyuma yangu na sahani mkononi. Ilikuwa moja, Mheshimiwa. Ilikuwa inanifuata."

Watu waliangua kicheko.

"Viazi vyenyewe vilikuwa vinalika?"

"Nilikigonga kimoja mezani, Mheshimiwa. Kililia ko ko ko."

Hata mwandishi wa Bodi alishindwa kujizuia. Mama Mkwe peke yake hakucheka.

"Na yule mzee," Mwenyekiti aliuliza, "ni nani aliyemmiminia?"

Mkaguzi alikunja uso. "Hapo nasema ukweli wangu. Nilimkuta ameshaanguka. Mkono uliommiminia sikuuona."

"Basi Bodi inapumzika kidogo. Tukirudi, nataka mkono huo."

Kwenye ujia wa nje, Bosi Mdogo alimvuta mkewe nyuma ya mlango. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, na alijua.

"Mama yako ana wazimu?" Kijiko alimuuliza. "Ananisingizia mbele ya kadamnasi, na wewe umekaa kimya kama gogo? Nani alimpa baba yangu pombe?"

Bosi Mdogo aliangalia viatu vyake.

"Nakuuliza!"

"Mimi."

Kijiko alitafuta ukuta kwa kiganja.

"Ulikuwa utani tu, mke wangu. Kulikuwa na wakubwa pale mezani, walitaka kuchangamka. Wakasikia ni mwalimu, wakaanza kumuuliza jedwali la kuzidisha. Akikosa, anakunywa. Akipata, wanampigia makofi, anakunywa. Hakuna aliyetaka aanguke."

"Na glasi ya kwanza? Baba yangu asingeigusa. Ulimwambia nini?"

"Nilimkaribisha tu. Akakubali."

Alisema hivyo haraka mno. Lakini Kijiko alikuwa tayari amefumba macho, na mtu aliyefumba macho haoni uongo ukipita.

"Nisikilize," Bosi Mdogo alimshika mikono yote miwili, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli. "Nikitajwa mimi, leseni imekwenda, mgahawa umekwenda. Wale mama wa kuosha vyombo watakula wapi? Lakini wewe ni mpishi. Mpishi hana leseni ya kunyang'anywa. Watakukaripia, yaishe. Na leo hii nitakwenda wodini kwa miguu yangu, nimpigie baba magoti, nimwambie ukweli wote. Baba hujawahi kumwona akikataa kusamehe. Au uongo?"

Haukuwa uongo. Mwalimu alikuwa akisamehe hata wanafunzi walioiba chaki.

Kijiko aliwakumbuka wale mama wa kuosha vyombo, mikono yao iliyokunjamana kwa maji ya sabuni. Akamtazama mume wake akilia. Akapiga moyo konde.

Bodi iliporudi, alisimama kabla hajaulizwa.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyempa baba yangu pombe."

Mwenyekiti alitabasamu kidogo sana, kama mtu aliyepata chenji asiyoitarajia.

"Vizuri. Bodi inakushukuru kwa ukweli wako." Alivaa miwani. "Lakini mwenye leseni ndiye mwenye dhamana ya kila tone linalomiminwa chini ya paa lake, awe amelimimina yeye au mwizi. Leseni ya vileo ya mgahawa huu inasimamishwa kwa muda wa miezi sita, kuanzia sasa. Na huyu mpishi ni marufuku kufanya kazi popote panapouzwa kileo, jikoni au ukumbini."

Ndiyo, wasomaji wangu. Uongo ule haukumwokoa mtu hata mmoja.

Nje, Mama Mkwe alikuwa anamsubiri kwenye ngazi za jengo, kiganja kimefunguliwa.

"Funguo za jikoni."

"Mama, nimefanya mlivyotaka..."

"Umefanya? Hata kuungama hujui! Umesimama kavu kama mti wa bendera. Mtu huungama kwa kilio, huungama kwa kugaagaa, ndipo wanaume wale wanaona haya. Wewe umewasomea kama tangazo la maji. Lete funguo!"

Kijiko alizitoa. Mama Mkwe alizihesabu kwa kidole, akazitumbukiza kwenye mkoba, akaufunga.

"Na usije kwangu mpaka nikuite. Wewe sasa ni mtu wa marufuku."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Mwanangu ametangulia wodini. Si alikuahidi?"

Maneno hayo tu yalimtia nguvu. Alitembea kwenda hospitali kwa hatua za mtu mwenye neno jema mdomoni.

Mlangoni pa wodi nesi alimpokea kwa uso mkunjufu. "Mumeo ametoka hapa sasa hivi. Kijana mpole yule! Amempigia mzee magoti, wamezungumza, mzee akalia. Nikasema, huyu ndiye mkwe."

Kijiko alimkumbatia nesi wa watu.

Mwalimu alikuwa amelala chali, mguu umefungwa uzito, ndevu hazijanyolewa. Alimtazama binti yake akija tangu mlangoni mpaka kitandani, na hakusema karibu.

"Shikamoo, Baba."





"Umesimama mbele ya Bodi leo?" Mwalimu aliuliza. Ilikuwa sauti ile ya darasani, iliyokuwa ikinyamazisha watoto hadi wale waliokaa dirishani.

"Ndiyo, Baba, lakini mume wangu si amekueleza..."

"Sikukuuliza habari za mumeo. Umesema kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyenipa pombe? Ndiyo au hapana?"

"Nimesema, lakini Baba, ngoja..."

"Basi hakunidanganya."

Kijiko alishika chuma cha kitanda.

"Siku ile nilikuja kukuona," Mwalimu alisema, macho darini. "Wakaniambia una kazi, nikakaa nisubiri. Nikaomba maji. Mumeo akaleta glasi. Akaniambia, 'Baba, mpishi anasema leo unywe. Anasema amekusamehe, kiapo kimekwisha.' Nikamuuliza, amesema yeye? Akasema, yeye mwenyewe. Nikamuuliza tena. Nikanywa kwa sababu nilidhani umenisamehe."

"Baba, ni uongo! Sikujua hata kama umekuja!"

"Leo amepiga magoti hapo ulipo, analia. Anasema amechoka kukufichia. Anasema ulitaka kuwaburudisha wageni wenu, ukanitoa mimi niwe kichekesho chao. Nikamwambia, toka, mwanangu hawezi. Akasema, kaulize Bodi." Alimgeuzia macho. "Nimekuuliza wewe. Umesema ndiyo."

"Sikiliza kwanza..."

"Walinisimamisha juu ya kiti. Watu wazima. Wakawa wananirushia hesabu na vizibo. Nikajua jikoni unanisikia. Kila walipocheka nilijiambia, mwanangu atatoka sasa hivi."

Hapo ndipo Kijiko alipokumbuka, na heri asingekumbuka.

Alikuwa amesikia. Mchana ule alisikia vicheko ukumbini, makofi, sauti nyembamba ikitamka tarakimu. Alidhani ni sherehe ya kuzaliwa ya mtu. Vikamkera, maana alikuwa anapima chumvi. Akanyoosha mkono, akafunga kidirisha cha kupitishia chakula.

"Nesi!" Mwalimu aliita. "Mtoe mwanamke huyu hapa."

Hakusema mwanangu. Alisema mwanamke huyu, kisha akageuzia uso wake ukutani.

Kijiko hakujua alifikaje barabarani. Alichojua ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu duniani anayeweza kumrudishia baba yake, na mtu huyo ndiye aliyemnyang'anya. Angemkamata Bosi Mdogo kwa ukosi wa shati na kumburuta mpaka wodini. Akatae, amburute akiwa amekataa.

Jua lilikuwa bado kali alipofika mgahawani. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na juu yake karatasi ya Bodi, herufi nyekundu: LESENI YA VILEO IMESIMAMISHWA. Gundi ilikuwa haijakauka.

Alizunguka nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Juu ya meza yake ya kukatia vitunguu yalikuwa yamepangwa mabirika ya chai, yote yamejaa. Kijiko aliyagusa. Yalikuwa ya baridi. Akafunua kifuniko cha moja, akanusa, na pua yake isiyodanganywa na mchuzi ikamwambia hii haikuwahi kuwa chai.

"Nani kakuruhusu?" Mama Mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, trei mkononi.

"Yuko wapi mwanao?"

"Punguza sauti! Kuna mgeni."

"Yuko wapi?"

"Nimemtuma sokoni. Toka kabla sijaita..."

"Mwache aingie, Mama," sauti laini ilitoka ukumbini. "Mimi namkumbuka."

Kijiko aliitambua sauti ile. Alimpita Mama Mkwe, akasukuma pazia.

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya pembeni, koti limetundikwa, vifungo viwili vimelegezwa, kikombe cha chai kisichotoa mvuke mbele yake. Wino wa hukumu haujakauka, na hakimu mwenyewe anakunywa kile kile alichokikataza!

"Mama yako mkwe ameniita tuzungumze namna ya kuilegeza ile miezi sita," alisema kwa furaha. "Mkarimu sana. Kaa. Baba yako anaendeleaje?"

"Unamjua baba yangu?"

"Nani asiyemjua? Jedwali la sita alilimaliza lote bila kupumua. Saba mara nane ndiyo iliyomshinda." Akacheka peke yake, akapangusa jicho. "Akiwa juu ya kiti, mguu mmoja! Mimi sijacheka hivyo tangu niapishwe."



"Ulikuwepo," Kijiko alisema.

"Nilikuwa nimekaa kiti hiki. Niliondoka kwa mlango wa pembeni Mkaguzi alipoingia wa mbele." Hakuona haya hata ya dawa. "Ndiyo maana ungamo lako limenifurahisha kuliko unavyofikiri. Nilikuwa nahofia ataitwa mhudumu, atataja nani alikuwa mezani. Halafu wewe unasimama, unajibebesha yote. Nikasema, huyu mwanamke ana thamani."

Mama Mkwe aliweka trei mezani, akajichekesha. "Si nilikwambia, Mheshimiwa? Ni mtiifu. Sasa kuhusu leseni yangu..."

"Leseni ipi, Mama?"

"Yangu."

Mwenyekiti aliinua kikombe akakinusa. "Umefungiwa asubuhi. Mchana huu unauza kileo ndani ya mabirika, na unamuuzia mwenyekiti wa Bodi. Leseni yako haijasimamishwa tena, Mama. Imekufa. Nikitaka nimwite Mkaguzi aje aizike."

Rangi ilimtoka Mama Mkwe usoni. "Mheshimiwa, si wewe uliyeniambia niandae?"

"Nani atakuamini? Una desturi ya kusingizia watu, ukumbi mzima umekuona." Akamgeukia Kijiko. "Mimi natafuta mtu wa kunishikia mahali hapa. Jina liwe lake, faida tujuane. Leseni mpya itatoka kwa jina lako. Ile marufuku niliiandika mimi, nitaifuta mimi. Sharti ni moja tu. Ungamo lako libaki kama lilivyo, leo na kesho na siku zote. Hata kwa baba yako."

Hapo, wasomaji wangu, lilitokea jambo ambalo hata mimi ninayesimulia nilitazama mara mbili. Mama Mkwe, mwanamke aliyekuwa akiwafokea wauza nyama wakatetemeka, aliteremka magotini na kushika sketi ya mke wa mwanawe.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo hata siku ya harusi. "Mwanangu, mahali hapa ndipo mifupa yangu ilipo. Mkatalie. Nihurumie mimi mama yako."

Kijiko alimtazama kutoka juu. Akamwona baba yake juu ya kiti, akikodolea macho kidirisha kilichofungwa. Alingoja huruma imjie, kama ilivyokuwa ikimjia sikuzote bila kuitwa.

Haikuja.

"Nimekubali," alisema.

Mwenyekiti alipiga meza kwa furaha. Mama Mkwe alitoa mlio mdogo wa kitu kilichokanyagwa.

"Lakini na mimi nina sharti langu."

"Sema."

Kijiko alivuta kiti katikati ya ukumbi. Akachukua birika, akajaza kikombe hadi mdomoni, akakiweka mezani mbele ya kiti kile kitupu.

"Mume wangu akirudi, akae hapa. Anywe. Anywe mpaka mimi niseme basi."

"Hilo tu?" Mwenyekiti alijiegemeza kitini. "Kumbe una utani mzuri!"

"Hapana!" Mama Mkwe alijitupa sakafuni mbele ya meza, na safari hii kilio chake hakikuhitaji leso. "Si yeye! Ninywesheni mimi, nimalize mabirika yote, lakini si yeye! Umewahi kumwona akinywa wewe? Hata siku moja, umemwona?"

Katika ndoa yao yote, Kijiko hakuwahi kumwona. Alidhani ni adabu ya mwenye kaunta.

"Ini lake limeharibika tangu ujana," Mama Mkwe alisema kwa kwikwi. "Daktari alituambia sisi wawili. Glasi moja tu itamfukia. Tulikuficha usije ukaikataa posa."

Mlango wa jikoni ulifunguka.

Bosi Mdogo aliingia akipiga mluzi, kikapu begani. Aliona mgeni, akatabasamu. Akamwona mkewe, tabasamu likayumba. Akamwona mama yake sakafuni, kiti katikati ya ukumbi, kikombe kilichojaa, na mluzi ukakatika.

"Kaa," Mwenyekiti alimwambia kwa ile sauti yake laini. "Kaa, kijana, au leo hii mtalala rumande, wewe na mama yako."

Alikaa. Alimtazama mkewe.

"Mke wangu," alinong'ona. "Mama amekwambia? Unajua?"

"Sasa najua," Kijiko alisema.

Akakisogeza kikombe mbele yake.